NDEGE WA MITEJA: JINSI YA KUWATAZAMA NA KUWAHESABU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri ameniagiza niandike habari za ndege, maana wanafunzi wengi, na hata wazazi wawili waliokuja siku ya kutembelea watoto, wametaka kujua ni kitu gani tunachokitazama nyuma ya jiko kila Jumamosi asubuhi huku tumeshika daftari. Jibu ni fupi: twatazama ndege, na kuwahesabu. Lakini jibu hilo halimridhishi mtu, kwa kuwa huuliza mara ya pili, "Kuwahesabu ili iwe nini?" Swali hilo la pili ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kwetu sisi watu wa Kilwa ndege si jambo geni. Mtoto wa mkulima huwajua ndege kabla hajajua kusoma. Mimi nimekulia shamba la mpunga katika bonde la Mto Matandu, na tangu nilipokuwa na miaka sita kazi yangu ilikuwa kuamia. Mpunga ukianza kutia maziwa, mama hutupandisha mimi na dada yangu katika dungu alfajiri, wala hatushuki mpaka jua limekuchwa, ila kwa kula. Mwenye kuamia haruhusiwi kusinzia, na kwa ajili hiyo hujua mengi. Anajua kwamba mnana huja kwa makundi tangu alfajiri hadi saa tatu, hupumzika jua likiwa kali, kisha hurudi saa kumi. Anajua kwamba tetere si mwizi mkubwa, maana huokota zaidi punje zilizokwisha kuanguka chini. Tena anajua kwamba yangeyange hana haja na mpunga kabisa, yeye afuata panzi na vyura. Mama yangu hakupata kwenda shule, lakini alitukataza katakata kumfukuza yangeyange. "Huyo mwacheni," alisema, "naye anaamia. Anaamia panzi."

Nimetanguliza habari hiyo ili msomaji asidhani kwamba kutazama ndege ni mchezo wa watalii tu, wenye kofia pana na darubini shingoni. Ujuzi huo tunao majumbani mwetu, ila hatukuuandika. Katika nchi jirani ya Zambia alikuwako mtu mmoja, Jali Makawa, mzaliwa wa Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, aliyefanya kazi miaka mingi pamoja na mtaalamu wa ndege C. W. Benson. Mwaka 1964 Makawa alimpata ndege mdogo ambaye hakuna mtaalamu aliyekuwa amemjua, naye ndege huyo akapewa jina lake katika vitabu vya sayansi: Pogoniulus makawai. Makawa alisifiwa hasa kwa kuwatambua ndege kwa sauti zao. Hapa kwetu wako wazee wengi wanaomtambua dudumizi, hondohondo na kororo kwa sauti tu, wala hawamo katika kitabu chochote.

NENO LA MANATI

Yafaa sasa niseme wazi jambo linalojulikana na kila mtu wa mabweni. Mvulana akiona ndege, jambo la kwanza ni kutafuta jiwe. Kulikuwa na mashindano ya manati kila Jumapili, na mshindi alipewa ukoko wote wa wali wa bweni. Sitaki kuwahukumu wenzangu. Nyama ya tetere ni tamu, na anayekula maharage siku sita mfululizo haoni kosa kutafuta kitoweo cha siku ya saba. Lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inawahesabu ndege pamoja na wanyama wengine, na kuwawinda bila ya kibali ni kosa. Basi tukatafuta njia ya kuacha manati bila ya kuacha mashindano, kwa maana mashindano ndiyo yaliyopendwa zaidi kuliko nyama.

Njia hiyo tuliipata katika historia ya Marekani. Zamani huko ilikuwa desturi, siku ya Krismasi, watu kugawanyika makundi, wakaingia msituni na bunduki, na kundi lililorudi na lundo kubwa kuliko jingine la ndege na wanyama ndilo lililoshinda. Mwaka 1900 mtaalamu mmoja wa ndege, Frank Chapman, alipendekeza watu washindane kuhesabu badala ya kuua. Krismasi ya mwaka huo watu 27 tu walimwitikia. Hesabu hiyo imeendelea kila mwaka tangu wakati huo, na leo hufanywa na maelfu ya watu.

Sisi tulianza watu wanne. Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, bingwa wa manati aliyeogopwa na ndege wote wa hapa, alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa heshima, "Sasa kaka, tukishamhesabu tutamla lini?" Sote tulicheka, na yeye pia. Lakini ndiye aliyekuja kutushinda sote, kwa sababu jicho lililozoea kumtafuta ndege ndani ya majani ili limpige ni lile lile linaloweza kumtafuta ili limhesabu. Siku hizi hutuonyesha pugi aliyetulia kivulini hatua kumi kutoka tulipo, na sisi tusiweze kumwona hata tukionyeshwa kwa kidole.

MAJI KWANZA

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu wengi huweka chakula cha ndege bustanini: mbegu, karanga, mafuta. Huko majira ya baridi ni makali, theluji hufunika ardhi, na ndege hupata shida. Wenzangu wawili walitaka tufanye vivyo hivyo, wakaenda kumwomba mpishi mahindi kidogo. Mpishi alisimama na mwiko mkononi akasema, "Wanangu, nafaka hii imepimwa kwa kilo. Nimpe kwelea, halafu ninyi mle nini?" Mimi naona mpishi alisema kweli. Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, lakini kundi lake laweza kuwa na ndege milioni na zaidi. Nchi ambayo wakulima wake hukesha kwa kuwafukuza ndege haiwezi kuwapangia meza.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya maradhi. Huko Uingereza, tangu mwaka 2005, chiriku wa kijani wameshikwa na ugonjwa wa koo unaosababishwa na vijidudu vidogo sana. Ndege mgonjwa hushindwa kumeza, huitema punje yenye mate yake, na mwenzake huiokota. Mahali pa kulishia ndege, ambapo wengi hukusanyika na kula pamoja, pakawa mahali pa kuambukizana. Chiriku hao wamepungua kiasi kwamba mwaka 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Watu waliowalisha waliwapenda, wala hawakujua. Na sisi tuna hatari yetu ya nyumbani: makombo ya ugali yakilala nje huota kuvu, na sumukuvu huwadhuru ndege kama inavyotudhuru sisi.

Tukaamua kuweka maji. Miteja, tangu mwezi wa Julai mpaka mvua za kwanza, vidimbwi hukauka kimoja baada ya kingine. Chakula cha ndege bado kipo, maana mbegu za nyasi zimekauka na kupukutika, ila ndege mla mbegu kavu lazima anywe kila siku. Tetere, pugi, shomoro, mnana na chiriku wote ni wa namna hiyo. Mla wadudu na mla matunda hupata maji katika chakula chake, lakini naye hupenda kuoga. Kwa hiyo anayeweka maji huona ndege wengi zaidi kuliko anayeweka nafaka, tena hampunguzii mtu chakula.

Chombo chetu ni karai lililotoboka, tuliloliziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi na baadaye kwa saruji kidogo. Kigae cha mtungi kinafaa pia. Mambo ya kuangalia si mengi. Maji yasizidi kina cha vidole vitatu, maana ndege mdogo haogelei, akiteleza atakufa. Weka jiwe katikati apate pa kusimama. Karai likae mahali palipo wazi, hatua nne au tano kutoka kichakani: likiwa karibu sana na kichaka paka hujificha na kurukia, likiwa mbali sana ndege haoni pa kukimbilia mwewe anapopita. Na maji yamwagwe kila asubuhi na chombo kisuguliwe kwa mchanga. Mwalimu wa zamu alitukumbusha jambo hilo kabla hatujamaliza kueleza mpango wetu, kwa kuwa mbu hutaga katika maji yaliyotuama, na yai lake huhitaji siku saba hivi au zaidi kuwa mbu mwenye mabawa. Maji yanayomwagwa kila siku hayamlei mbu hata mmoja. Mzazi atakayejaribu nyumbani naomba asilisahau hilo, hata akiyasahau mengine yote.

Chakula tunachotoa ni kimoja tu, nacho ni papai lililoliwa nusu na popo au kuanguka na kupasuka, ambalo mtu hataki tena. Tunalichomeka kwenye msumari juu ya mti. Shore huja kwanza, maana shore haoni haya. Wengine humfuata. Kwa chozi hatuweki chochote: migomba iliyo karibu na bomba imetosha, kwa kuwa yeye hunywa utamu wa ua la mgomba, na asubuhi moja unaweza kumwona akigombana na mwenzake kwa ajili ya mkungu mmoja kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.

SOMO LA MDOMO

Mtu akimtazama ndege kwa mara ya kwanza hutazama rangi. Hiyo ni njia ya kupotea, kwa sababu jike na dume mara nyingi hawafanani, na mnana dume aliye wa manjano wakati wa kujenga kiota huvaa rangi hafifu msimu ukipita. Tazama mdomo kwanza. Mdomo ni chombo cha kazi, na fundi hutambulikana kwa chombo chake. Shomoro na chiriku wana mdomo mfupi mnene wa kupasulia punje. Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda, wa kufikia ndani ya ua. Keremkerem ana mdomo mrefu mwembamba wa kukamatia nyuki akiwa anaruka, na hatamla kabla hajampigapiga na kumsugua kwenye tawi mpaka sumu imtoke. Mdiria ana mdomo ulionyooka kama ncha ya mkuki. Baada ya mdomo tazama ukubwa, ukimlinganisha na ndege unayemjua: je, ni mkubwa kuliko shomoro? Ni sawa na shore? Amefikia kunguru? Kisha tazama miguu, na mwendo, yaani anatembea au anarukaruka. Rangi iwe ya mwisho.

Lakini mahali ambapo somo la mdomo hueleweka hasa ni pwani, nami nimekuwa na haraka ya kufika huko tangu nilipoanza kuandika.

PWANI

Miteja iko kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, kati ya Nangurukuru na Somanga, na upande wa mashariki ni bahari. Pwani yetu ina mikoko ya namna nyingi, mkoko wenyewe, mchu, mlilana, msinzi na mkandaa, na mbele ya mikoko maji yakipwa hubaki uwanda mkubwa wa tope na mchanga. Mtu asiyejua huuona uwanda huo kuwa ni bure, hauna shamba wala nyumba. Lakini tope hilo limejaa minyoo, kaa wadogo na konokono, na kwa ndege hilo ni ghala.

Tulikwenda mwezi wa Oktoba, watu saba pamoja na mwalimu, nasi tulichagua siku kwa kuutazama mwezi. Sababu ni hii. Siku za bamvua, yaani siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya pwani yetu hupwa mno kwenye saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Saa nne ndege wametawanyika mbali kiasi cha kuwaona kama punje za pilipili. Lakini maji yakianza kurudi huwasukuma kidogo kidogo kuja nchi kavu, mpaka wote wamebanwa katika ukanda mwembamba mbele ya macho yako. Basi tulifika saa nane, tukakaa chini ya mti, tukangoja bahari itufanyie kazi. Siku za maji mafu safari hiyo haina faida kubwa.

Wa kwanza kuwatambua ni wale wenye mdomo mfupi na macho makubwa. Hawa hukimbia hatua chache, husimama kama askari, hutazama, kisha hudonoa. Wanawinda kwa macho. Wa pili ni vitwitwi, wadogo, walio wengi, ambao hawasimami kabisa. Huchoma mdomo topeni mara nyingi upesi upesi kama cherehani. Ncha ya mdomo wao ina hisia kali, hata waweza kukiona chakula kwa kukigusa bila ya kukitazama. Wa tatu ni ndege mkubwa wa rangi ya udongo, ambaye sisi tumezoea kumwita membe, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini kama mundu. Huo huingia katika tundu la kaa mpaka mwisho wake. Hivyo watatu hao hula katika uwanja mmoja bila ya kunyang'anyana, kwa kuwa mmoja hula juu, mwingine hula chini kidogo, na wa tatu hula chini kabisa. Na kwa kuwa chakula chao hutawaliwa na maji wala si na jua, hula hata usiku.

Tulipokuwa tukitazama alikuja mzee mmoja mvuvi akiwa na wavu begani. Tukamwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitika, "Marahaba wajukuu zangu, mnauza nini?" Tulipomweleza kazi yetu alikaa. Akasema, "Hawa wadogo hawazai hapa. Nimeivua pwani hii tangu ujana wangu, kiota cha mnana nakijua, yai la kwale nalijua, lakini yai la hawa sijapata kuliona. Huja kusi ikilegea, hukaa kaskazi yote, wakanenepa, wakaondoka. Wana kwao."

Mwalimu wetu wa Jiografia alifurahi sana, maana babu huyo alikuwa amegundua kwa akili yake mwenyewe jambo ambalo wataalamu walilithibitisha kwa kuwafunga ndege pete miguuni. Kitwitwi mmoja wa hao, mwenye mdomo uliopinda kidogo na uzito wa gramu 60 hivi, huzaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, ambako Juni jua halizami. Hushuka mpaka Afrika kuikimbia baridi. Mwezi wa Aprili utaona baadhi yao wamegeuka rangi, kifua kimekuwa chekundu kama tofali. Hiyo ni nguo ya harusi, na safari i karibu. Wachache hubaki hata Juni. Hao ni wachanga ambao umri wa kuzaa haujafika, na wenzangu wamewapa jina la "wasio na nauli ya likizo."

Yuko mwingine ambaye nampenda kuliko wote. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama nyundo. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Chakula chake ni kaa. Yeye hatoki Siberia, bali pwani za Bahari ya Sham, Ghuba ya Uajemi, Omani na Somalia, na jambo la ajabu ni kwamba huchimba shimo katika mchanga, hutaga humo yai moja tu jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulitunza. Baada ya kulea huja kwetu, na pwani ya Tanzania ni mojawapo ya mahali wanapokusanyika kwa wingi. Tunajivunia, na ni haki yetu, kwamba majahazi ya Uajemi na Arabuni yalifika Kilwa karne nyingi zilizopita. Huyu nadhani alikuwa akiijua njia kabla hayajaundwa majahazi.

Kama mtu ana shaka kwamba kiumbe mdogo aweza kusafiri hivyo, mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa pwani, umri wake miezi mitano hivi, aliyefungwa chombo cha kutoa habari kwa setilaiti, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, Australia, kilometa 13,560 kwa siku 11 bila ya kutua. Ndege wa jamii yake, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda juu, huonekana pwani yetu pia, ijapokuwa kwa uchache.

Kwa sababu hizo pwani hii imeandikwa katika daftari la dunia. Mwaka 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalifanya mkataba wa kulinda maeneo ya maji yenye thamani kubwa, na tarehe 29 Oktoba 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha hiyo, hekta 596,908. Nimewauliza wanafunzi ishirini wa shule yetu kama wamepata kulisikia neno hilo. Wawili walikuwa wamelisikia, na mmoja kati ya hao alidhani ni jina la mchezaji wa mpira.

KUHESABU

Babu yule aliondoka kwa neno lililotusumbua. Alisema, "Hawa mnaowaona si kitu. Zamani wakiruka walikuwa wakifunika jua." Mwalimu wa Hesabu, tulipomsimulia jioni, aliuliza swali moja: "Wangapi?" Hatukuwa na jibu, wala babu asingekuwa nalo, wala hakuna mtu Miteja aliye nalo. Huenda wamepungua kweli, kwa kuwa mikoko imekatwa mahali pengi kwa boriti na kuni. Huenda pia ni macho ya ujana yaliyoona kila kitu kikubwa. Hatuwezi kumsadiki babu kwa hakika, wala hatuwezi kumkanusha, na watoto wetu watatuuliza sisi swali hilo hilo. Hiyo ndiyo "ili iwe nini."

Katika karai kanuni yetu tumeichukua kwa watoto wa Uingereza, ambao tangu mwaka 1979 huhesabu ndege wa bustanini kwa saa moja kila mwisho wa Januari. Usijumlishe kila ndege anayetua, maana shore mmoja aweza kuja mara kumi. Andika idadi kubwa kuliko zote uliyoiona kwa mara moja. Ukiona tetere 4, kisha 7, kisha 5, andika 7. Tukaongeza kanuni yetu wenyewe: ndege haandikwi mpaka wawili wamemwona, na kila mmoja ataje alimtambua kwa alama gani. Kanuni hiyo imetuletea ubishi mwingi, lakini imeliweka daftari katika hali ya kuaminika.

Pwani hatuwezi kuhesabu mmoja mmoja. Hesabu ndege 10 kwa uangalifu, kariri ukubwa wa kundi hilo machoni, kisha likanyage kundi zima kwa kipimo hicho: kumi, ishirini, thelathini. Wakiwa maelfu tumia kipimo cha mia. Watu watatu wahesabu kila mmoja kimya, waandike, ndipo walinganishe. Siku yetu ya kwanza majibu ya vitwitwi yalikuwa 180, 240 na 410. Mara ya tatu yalikuwa 260, 270 na 300. Andika majibu yote matatu, pamoja na tarehe, saa, hali ya maji na upepo. Asiyejua jina la ndege asitunge. Aandike "mdomo hivi, miguu hivi, alikuwa akifanya hivi," na achore, hata kama mchoro utafanana na kuku.

Daftari letu lina kurasa 61 zilizojaa na liko maktaba, rafu ya Baiolojia, katika jalada la buluu. Sisi wa Kidato cha Nne tunafanya mtihani wetu Novemba na kuondoka. Mpaka leo aliyekubali kulipokea ni mmoja tu, yule mtoto wa Kidato cha Kwanza niliyemtaja, na kanuni ya macho mawawili haiwezi kutimizwa na mtu mmoja. Wanatakiwa wengine watatu, wavulana au wasichana. Karai litazamwe Jumamosi saa moja mpaka saa mbili asubuhi. Safari ya pwani ya mwisho kwetu itakuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, ambayo tangu mwaka 2018 imo katika siku za dunia za ndege wahamao, na kama siku hiyo itaangukia maji mafu tutaisogeza mpaka bamvua ifuatayo. Tutaondoka baada ya chakula cha mchana. Anayetaka kwenda aandike jina kwa mwalimu wa zamu, alete kofia, maji ya kunywa na kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka kwa unyevu wa pwani, na viatu aviache bwenini.